Posa ya Ruiru, Kazi ya Thika

Jumamosi ile Warigia alivaa gauni lake la buluu, akalivua, akavaa la kahawia lenye kola nyeupe, kisha akalirudia lile la buluu. Mwanamisi, bibi kizee aliyezaliwa Mombasa na kuzeekea bara akilea watoto wa watu, na ambaye sasa alitunzwa katika nyumba ya wazee alikofanya kazi Warigia, alikuwa amesimama mlangoni akimtazama na kucheka kichinichini.

"Mwanangu, mtu hupendwa kwa uso wake, si kwa gauni," alisema. "Lakini hilo la buluu ndilo. Usilivue tena."

"Mikono yangu inatetemeka, bibi."

"Itetemeke. Moyo usitetemeke."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, na siku hiyo Warigia alikuwa anakwenda Ruiru kuonana na mama yake Gerishon, mchumba wake, kwa mara ya kwanza.

Alikuwa anakwenda na furaha mbili. Ya kwanza ilikuwa Gerishon mwenyewe. Ya pili aliipata asubuhi hiyohiyo, alipoitwa na Bi Hollis, mkuu wa nyumba ya wazee.

"Kuanzia mwezi wa kwanza kazi hii yote itakuwa chini yako," Bi Hollis alimwambia. "Nitaleta wasichana, nawe utawafundisha. Utaweza?"

"Nitaweza," Warigia alijibu, bila hata kuvuta pumzi.

Nyumba yenyewe ilijengwa na kanisa kando ya mto Chania, nje kidogo ya mji wa Thika. Waliokaa humo walikuwa watu waliozeeka wakiwa kazini ugenini: wakata mkonge, wapishi, mayaya, watu ambao kwao kulikuwa mbali au hakukuwepo tena. Warigia alipofika aliwakuta wameegemea ukuta tangu chai ya asubuhi hadi jua kuzama, wakingojea chakula, na baada ya chakula wakingojea siku yao. Yeye alikuwa amefunzwa hospitalini Nairobi jinsi ya kuwarudishia watu nguvu za mikono na za moyo kwa kusuka, kuimba, kucheza bao na kucheza ngoma. Watu wa mjini hawakuwa na jina la kazi kama hiyo. Wengine walimwita mwalimu wa wazee. Wengine walimwita yule msichana anayelipwa kucheza.

Hakujali, kwa sababu aliyoyaona ameyaona. Mzee Kimeu, aliyekuwa mpiga ngoma mashuhuri kule Ukambani, alilala msimu mzima wa mvua amegeukia ukuta. Warigia hakumsihi ainuke. Alileta ngoma, akawa anaipiga kando ya kitanda chake kila siku, na kuipiga vibaya makusudi, mpaka mzee akashindwa kuvumilia. Aliketi, akamnyang'anya.

"Wewe mtoto unaiua ngoma," alisema. Na tangu siku hiyo hakulala mchana tena.

Gerishon alimjua Warigia kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Thika, na Warigia alikwenda kuchukua furushi la nyuzi za sufu lililotoka Nairobi. Furushi lilikuwa limepasuka, nyuzi nyekundu na za manjano zikamwagika juu ya meza, na kijana yule mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya chini, alizikunja moja moja bila haraka, kana kwamba hakutaka kazi ile iishe. Mikono yao ilikutana juu ya uzi mwekundu. Hakuna aliyeondoa wake upesi. Baadaye alihamishiwa Ruiru, kwao, lakini kila Jumapili alikuwa Thika.

Sasa alikuwa anamngojea kituoni Ruiru, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alipomwona akishuka kwenye basi alisahau kusalimu.

"Umependeza," alisema.

"Na wewe umeogopa," Warigia alijibu akicheka. "Mama yako ni simba?"

"Mama yangu ni mama yangu. Utaona."

Wangeci, mama yake Gerishon, alikuwa mjane mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mgongo ulionyooka kama wa msichana. Nyumba yake ya mabati ilikuwa nyuma ya stesheni, na kando yake shamba dogo na ng'ombe mmoja. Alimpokea mgeni vizuri, akamkalisha karibu na meza, akampakulia mukimo na kuku mpaka sahani ikajaa. Kisha akakunja mikono yake mapajani.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni binti wa Muigai, mama. Sisi ni watu wa Gatundu."

"Muigai ni mtu mwema. Nimesikia habari zake." Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. "Na nasikia wewe unafanya kazi Thika."

"Ndiyo, mama. Na wazee."

"Unawapikia?"

"Hapana. Mpishi yuko."

"Unawafulia?"

"Yuko anayefua."

"Basi unawafanyia nini?"

Warigia aliweka kijiko chini. Swali hilo alilizoea, na alilipenda. "Ninawapa sababu ya kuamka, mama. Aliyekuwa anasuka nampa kiondo asuke. Aliyekuwa mwimbaji namwomba wimbo. Aliyepooza mkono tunacheza naye bao mpaka vidole vikumbuke kushika. Wakati mwingine tunacheza ngoma uwanjani."

"Hiyo ya ngoma nimeambiwa," Wangeci alisema. "Niliambiwa sokoni. Kwamba mchumba wa mtoto wangu anashikana mikono na wazee wa makabila yote, anacheza, na watu wamesimama kwenye ua wanatazama."

"Ni kweli walitazama, mama. Halafu wengine wakaingia wakacheza nasi."

Gerishon alikohoa kuficha kicheko. Mama yake hakucheka.

"Sikiliza, mwanangu," Wangeci alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ila ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufikiri. "Baba yake huyu alikufa kabla hajatambaa. Nimemlea peke yangu kwa jembe hili unaloliona pale mlangoni. Sina mtoto mwingine. Mke wa Gerishon atakaa hapa. Shamba liko, ng'ombe yuko, mimi niko. Mwambie mkuu wako kwamba ukiolewa, kazi basi. Ukikubali, wazee wetu wataenda kwa baba yako hata wiki ijayo. Ukikataa, posa haitoki katika nyumba hii."

Warigia alimtazama Gerishon. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kwa macho yaleyale ya siku ya uzi mwekundu, akimwomba neno moja tu, neno dogo, hata jina lake. Gerishon alikuwa anazungusha kikombe chake mezani. Akakizungusha tena. Hakuinua macho.

Warigia aliacha kumtazama. Akajinyoosha.

"Mama, nimekusikia," alisema. "Chakula chako ni kitamu, na mtoto wako nampenda. Hilo sitalificha mbele yako. Lakini kazi yangu sitaiacha. Leo asubuhi nimepewa niiongoze, nami nimekubali. Ni vizuri uyasikie kutoka kinywani mwangu, usije ukayasikia sokoni."

Wangeci alimkazia macho kwa muda. "Una mdomo," alisema.

"Nina ukweli tu, mama. Asante kwa chakula."

Walitembea kuelekea kituoni. Walipofika kwenye mikaratusi ya stesheni, Gerishon alisimama.

"Ungesema ndiyo tu," alisema. "Ungesema ndiyo leo, halafu pole pole tungeona."

"Nianze maisha katika nyumba ya mama yako kwa kumdanganya?"

"Si kumdanganya. Ni kumtuliza. Warigia, mimi niko katikati. Huku mama, huku wewe."

"Hukuwa katikati, Gerishon. Ulikuwa mezani, na ulinyamaza."

Alipokea maneno hayo kama mtu aliyepigwa kofi na mtu anayemheshimu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na kama ningekuomba mwaka mmoja tu? Ukae naye mwaka mmoja, akuzoee, kisha urudi kazini?"

"Kazi hii haikunjwi ikawekwa sandukuni. Mwaka mmoja kwa mtu mwenye umri wa Mwanamisi ni kitu gani, unajua? Nikirudi nitamkuta?"

"Unawapenda kuliko mimi."

"Hapana," alisema Warigia, na hapo sauti yake ilimponyoka, ikalainika. "Nikisikia treni inapiga honi najua kama uko zamu au hauko. Nikipika chai najikuta nimetia sukari yako. Sijapenda mtu kama wewe, na sidhani nitapenda. Ndiyo maana sitaki unioe nusu. Nusu ile uliyobakisha itakuja kukuchukia."

Gerishon alimshika mkono. Walisimama hivyo, vidole katika vidole, mpaka vumbi la basi likaonekana kule barabarani. Alitaka kumwambia asiende. Warigia aliliona neno lile likija mpaka kwenye midomo yake, likarudi.

"Siku utakapopata la kusema," alimwambia akipanda ngazi za basi, "unajua ninapofanya kazi."

Jumapili iliyofuata Gerishon hakuja. Wala ile iliyofuata. Warigia alilia mara moja, nyuma ya jikoni, akauosha uso wake kwa maji ya mtungi, akaingia ukumbini. Alianzisha siku ya hadithi, akapanga viti vipya, akamwandikia Bi Hollis vitu vitakavyohitajika kwa wasichana watakaokuja. Kazi ilikwenda vizuri, nalo hilo lilimshangaza. Alidhani moyo ukiuma mikono nayo hulegea. Lakini kila mwanamume mwenye kofia ya reli aliyepita barabarani alimfanya ainue kichwa.

"Atakuja," Mwanamisi alimwambia jioni moja, akimsuka nywele. Vidole vyake vilikuwa vimepona ugumu kwa kazi hiyohiyo ya kusuka. "Ila usimngojee mlangoni. Mwanamume akukute unafanya lako."

Aliyekuja si Gerishon.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Wazee walikuwa ukumbini, wengine wakisuka, wengine juu ya bao, na Warigia alikuwa amepiga magoti akimsaidia mzee mmoja kuokota kete kwa mkono wake mgonjwa. Mlangoni akasimama mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, kingine mabegani, na kikapu mkononi. Alikuwa ametoka Ruiru peke yake, bila kumwambia mtu, aje aone kwa macho yake hicho kitu ambacho msichana alikichagua badala ya kumkubalia.

Kabla Warigia hajasimama, Mwanamisi alikwisha kufika mlangoni, akampokea mgeni kikapu kwa heshima zote.

"Karibu, mwenzetu," alimwambia. "Usiogope. Siku za kwanza ndizo nzito. Kitanda cha karibu na dirisha ki wazi, nacho hakina baridi."

Wangeci alinyakua kikapu chake. "Mimi sikuja kukaa hapa," alisema. "Mimi nina mtoto."

Mwanamisi hakuudhika. Alimgusa mkono. "Hata mimi nilikuwa nao, dadangu," alisema polepole. "Nilikuwa nao watatu."

Wangeci alibaki amesimama. Warigia alikuja, akamshika kiwiko, akamtoa nje, akamkalisha kwenye benchi lililoelekea mto, akamletea chai. Hakumwuliza kilichomleta. Aliketi kando yake, akangoja, kama alivyozoea kungoja na wazee wote.

"Nilikuja kukuona ukicheza na wanaume," Wangeci alisema mwishoni. "Nirudi nimwambie Gerishon nimeona."

"Na umeona nini, mama?"

"Nimeona umepiga magoti." Akanywa chai kidogo. Kikombe kiligongana na kisahani. "Wewe unafikiri naichukia kazi yako. Siichukii. Mimi naogopa. Nimekuwa na yule mtoto tu. Mwanamke mwenye kazi atamvuta mume wake kwenye kazi yake, watapata nyumba ya mjini, watakuja Krismasi. Halafu siku moja magoti yangu yatakataa, na wataniambia, mama, kuna mahali pazuri, Warigia ndiye mkubwa huko, utafundishwa kusuka." Akaonyesha ukumbi kwa kidevu. "Na leo nimefika tu, yule bibi akanionyesha kitanda."

Warigia alitaka kumkumbatia, lakini alijua hakuwa amepewa ruhusa hiyo bado.

"Sitakudanganya, mama," alisema. "Asubuhi nitatoka, jioni nitarudi. Kuna siku nitarudi nimechoka, chai nitapika mbaya, na hutanipenda. Lakini nimekaa na watu walioachwa, najua mtu anavyoachwa. Hawaachwi siku moja. Kwanza watu huacha kumwuliza mambo. Shamba linapandwa hakuulizwa, mbuzi anauzwa hakuulizwa, mtoto anapewa jina hakuulizwa. Akifika hapa huwa alikwisha kuachwa zamani. Mimi sitaacha kukuuliza. Hilo naweza kukuahidi."

Wangeci aligeuka akamtazama, mara hii bila kumpima.

Hapo ndipo waliposikia viatu vikikimbia kwenye kokoto. Gerishon alitokea kwenye kona ya nyumba, kofia ya reli mkononi, shati limelowa jasho. Jirani alikuwa amemwambia kwamba mama yake ameonekana akipanda basi la Thika, naye akaomba ruhusa stesheni akaruka ndani ya gari la mizigo. Alipowaona wameketi pamoja, alisimama ghafla, hajui amtazame nani kwanza.

"Mama, uko salama?"

"Niko salama. Nakunywa chai."

Akamgeukia Warigia. Alikuwa amekonda. Warigia aliona hilo upesi kuliko alivyotaka kuliona, lakini hakuinuka. Alimngoja.

"Nilikuwa nije Jumapili hii," Gerishon alisema. "Niliapa. Lakini kwa kuwa mko wote wawili, nitasema sasa, kwa sababu nilipaswa kusema mbele yenu wote wawili." Akavuta pumzi. "Mama, siku ile nilinyamaza, na wewe ukadhani ni heshima. Ilikuwa ni woga. Warigia hataacha kazi. Mimi sitaki aiache. Nilimpenda akinyoosha mikono kwa ajili ya nyuzi za wazee hawa, na siwezi kumpenda halafu nimnyang'anye kile nilichompendea."

Wangeci alizungusha kikombe mkononi.

"Nawe pia sikuachi," kijana aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepata mahali pa kusimama. "Tutakaa Ruiru. Treni ya asubuhi inapita kwetu ikija Thika. Atapanda. Jioni atashuka, na mimi nitakuwa pale kumpokea. Siku akichelewa nitapika mimi."

"Wewe hujui kupika," mama yake alisema.

"Utanifundisha."

Wangeci alitazama mto. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, kama inavyochezacheza ya mtoto wake anapoficha kicheko, na Warigia kwa mara ya kwanza akaona walivyofanana.

Gerishon alisogea mbele ya Warigia. "Nilikuachia useme peke yako," alisema. "Haitatokea tena. Bado unanitaka?"

Warigia alimtazama muda mrefu, akala kwa macho uso ule alioukosa: paji la uso lenye alama ya kofia, macho ambayo sasa hayakukimbia. Alikuwa na jibu tangu aliposikia viatu vile kwenye kokoto. Lakini akageuka kwa Wangeci.

"Mama," alisema, "wewe unasemaje?"

Mwanamke yule aliweka kikombe chini. Alijua ameulizwa, na kwamba swali lile halikuwa la adabu tu. Msichana angengoja jibu. Alivuta kitambaa chake kikakaa sawa.

"Baba yako Muigai," alisema, "ni mtu wa kanisa au ni mtu wa pombe ya miwa?"

"Yeye ni wa kanisa, mama. Ndugu zake ni wa miwa."

"Basi tutapeleka posa kwa sukari na miwa, asiwepo wa kulalamika." Akamtazama mwanawe. "Na wewe utasema mbele ya wazee wote kwamba mke wako anafanya kazi, ili asije mtu baadaye akajifanya hakuambiwa."

"Nitasema, mama."

"Kwa sauti."

"Kwa sauti."

Warigia aliinuka, na Gerishon akaishika mikono yake yote miwili hapo hapo mbele ya mama yake, kitu ambacho vijana wa Ruiru hawakuzoea kukifanya miaka ile. Mikono ya Warigia ilikuwa ya moto, na haikutetemeka. "Nakutaka," alimjibu polepole, yeye tu asikie. "Sijaacha hata siku moja."

Kutoka ukumbini sauti ya mzee mmoja ilimwita mwalimu; kete zilikuwa zimemwanguka tena, na mwenzake alikuwa anataka kumpokonya zamu. Warigia alicheka, akafuta macho kwa kiganja.

"Mama, niwie radhi. Wananihitaji mpaka saa ya chai yao. Basi la kwenda Ruiru liko hapo nje, kama una haraka."

Wangeci aliutazama mlango wa ukumbi, kisha akamtazama msichana. Akavua kitambaa cha mabegani, akakikunja, akakiweka kando yake kwenye benchi kama mtu asiye na safari.

"Nenda ufanye kazi yako," alisema. "Sisi tutakungoja."